Jaketi, sweta na mabuti ya mtumba: namna ya kuchagua ukiwa Arusha au Moshi

Juni ikishaingia, Arusha inakuwa mji mwingine. Wingu linakaa chini, jua linachelewa mpaka mchana, na bodaboda anayetoka Usa River saa kumi na mbili asubuhi anahitaji koti la kweli, siyo la kupigia picha. Moshi kuna joto zaidi, lakini kila siku watu wanatoka pale kwenda kulala juu ya mita 4,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Piga hesabu kutoka Moshi, iliyo chini ya mita 1,000, hadi Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kwenye mita 5,895: karibu nyuzi 30 zimeondoka kabla hata upepo haujaanza kuvuma.

Kwa baridi ya namna hiyo, mtumba una faida ambayo jaketi jipya la bei hiyo hiyo halina. Jaketi jipya la bei ya chini ni polista nyepesi yenye zipu inayoachia mapema. La mtumba, pesa ile ile inaweza kukupa nguo iliyoshonwa kwa ajili ya watu wanaoishi kwenye theluji. Tena imeshafuliwa mara nyingi: kama kitambaa kilikuwa cha kuchuja kimeshachuja, kama kilikuwa cha kurudi kimesharudi. Dukani unanunua ahadi, hapa unanunua kitu ambacho tabia yake inaonekana. Lakini inaonekana kwa anayejua pa kutazama, na kwenye jaketi na mabuti ubovu mwingi umejificha ndani.

Beba nini, nenda wapi

Chukua futi ya fundi, soksi nene, chupa ndogo ya maji na kiberiti. Vaa tisheti ya kubana ili ujaribu nguo juu yake bila kuvua. Kabla ya kutoka, pima jaketi lako linalokukaa vizuri, kwapa hadi kwapa likiwa limelazwa mezani, na uandike namba hiyo kwenye simu. Saizi za lebo zinadanganya: M ya mwanamume wa Marekani inaweza kuwa L au XL ya nchi nyingine. Namba ya futi haibadiliki.

Moshi, Memorial ndiko wanakoanzia wengi, wakiwemo wagumu wanaobeba mizigo mlimani. Kiboriloni, upande wa barabara ya Himo, nako kuna mitumba mingi. Arusha kuna Kilombero kwa siku zote, na Tengeru kwenye barabara ya Moshi, ambako siku zake za soko ni Jumatano na Jumamosi. Ukienda Tengeru, fika asubuhi. Mchana utakuta vitu vizuri vimeshaondoka na vumbi limeshakaa kwenye vilivyobaki.

Elewa mzigo unavyotembea. Belo la kawaida lina kilo 45 hivi, na mfanyabiashara analinunua likiwa limefungwa, hajui kilichomo. Likifunguliwa, chaguo la kwanza linatundikwa kwenye henga na kupewa bei moja moja. La pili linapangwa mezani. Yaliyobaki yanamwagwa kwenye turubai na kunadiwa buku, buku mbili. Kwa hiyo swali lenye faida kuliko yote ni hili: “Dada, mzigo wa majaketi unafungua lini?” Akikwambia Ijumaa, nenda Ijumaa. Akikuzoea atakupigia simu mwenyewe.

Na kama unaweza kupanga, nunua nguo za baridi Januari na Februari, wakati wa jua kali. Jaketi lile lile ukilitafuta Juni unagombania na mji mzima.

Jaketi la mvua

Usilitazame kwa nje kwanza. Ligeuze ndani nje, kisha kagua sehemu tatu: mabegani, panaposuguliwa na mikanda ya begi, kwenye kola upande wa shingo, panapokusanya jasho na mafuta, na kwenye kofia yake. Jaketi lisilopitisha maji lina utando mwembamba upande wa ndani. Utando ukizeeka unabanduka kama ganda la kitunguu, unaacha unga mweupe mkononi, au unanata ukiukunja na kuukunjua. Ukiona mojawapo, rudisha. Hakuna fundi anayerudisha utando, na ukilifua utatoka wote.

Fuata utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukiwa umeachia sentimita chache tu, unaweza kushikishwa tena kwa pasi ya moto mdogo, ukiweka kitambaa cha pamba katikati. Ukiwa umeachia mshono mzima, mvua itaingia kwenye kila tundu la sindano.

Sasa omba ruhusa, uweke matone machache ya maji begani kwa nje na usubiri dakika mbili. Matone yakibaki yamesimama kama shanga, jaketi liko vizuri. Yakisambaa na kulowesha kitambaa cha nje lakini ndani pakabaki pakavu, usiliache: kilichoisha ni dawa ya juu tu, na mara nyingi huamka ukilifua vizuri na kulipitishia pasi ya moto mdogo. Ndani pakilowa, basi utando umekufa. Wengi hawajui tofauti ya hayo mawili ya mwisho, ndiyo maana majaketi mazuri hulala mezani kwa bei ya chini kwa sababu tu yanaonekana kunywa maji.

Jaketi la manyoya ya bata

Haya ndiyo yanayopasha joto kuliko yote kwa uzito wake. Lebo yake huwa na namba mbili, kama 80/20 au 90/10. Ya kwanza ni manyoya laini ya kifuani, ya pili ni manyoya yenye kijiti. Ya kwanza ikiwa kubwa, jaketi ni jepesi na la joto zaidi. Lifinye ngumini, kisha liachie: likijaa lenyewe ndani ya sekunde kumi hivi, manyoya yako hai. Likibaki limenywea, yamechoka au yameshikana kwa mafuta. Liinue kuelekea jua uone kama kuna visanduku vilivyobaki vitupu huku manyoya yote yamekusanyika chini kama mabonge. Mabonge yaliyotokana na kufuliwa vibaya yanaweza kutawanyika tena, ila visanduku vitupu maana yake manyoya yalishatoka kupitia tundu fulani.

Angalizo moja kwa anayepanda. Manyoya ya bata yakilowa hayapashi joto, na chini ya mlima kuna msitu wa mvua. Ukiwa na uwezo wa kununua jaketi moja tu, chukua lililojazwa polista, kwa sababu hilo hubakiza joto hata likiwa na unyevu. La bata liwe la pili, la kuvaa kambini na usiku wa kwenda kileleni, na lisafiri ndani ya mfuko wa plastiki. Begi la kulalia linakaguliwa kwa njia hizo hizo.

Zipu, kwenye jaketi lolote, ipandishe na kuishusha mara kumi, siyo mara moja. Ikifunga halafu ikapasuka nyuma ya kichwa chake wakati meno yote yapo, kilicholegea ni kichwa: fundi anakibadilisha, au anakibana kidogo kwa koleo kila upande na inarudi kazini. Meno yakikosekana, zipu nzima inabadilishwa. Halafu tazama chini kabisa, pale unapochomeka pini ndani ya kisanduku chake. Kitambaa cha pale kikiwa kimechanika nyuzi nyuzi, zipu hiyo haina muda mrefu hata kama leo inafunga. Uliza fundi wako bei ya zipu ndefu ya jaketi kabla hujaenda sokoni, uitoe kwenye bei unayotaka kulipa.

Mabuti: hapa ndipo watu wanaumia

Buti la mlimani linaweza kuwa na ngozi inayong'aa, kamba mpya na soli yenye meno makali, likaachia soli siku ya tatu ya safari. Sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu inawakuta hata watu makini.

Katikati ya soli ya chini na ngozi ya juu kuna tabaka la sponji ngumu. Kwenye mabuti mengi mazuri tabaka hilo ni la poliyurethani. Ni laini na hubeba mzigo bila kunywea, lakini lina adui mmoja: unyevu wa hewani. Taratibu, mwaka baada ya mwaka, maji yaliyo hewani yanakata viunganisho vya sponji hiyo, hata kama buti liko kwenye boksi halijavaliwa. Baada ya miaka 5 hadi 10 hivi tangu litengenezwe, sponji huanza kumomonyoka. Na buti lililokaa kabatini mara nyingi huoza mapema kuliko linalovaliwa mara kwa mara. Ndiyo maana buti “kama jipya” ndilo la kuogopa zaidi: mwenyewe alilinunua, akalivaa mara mbili, akalisahau miaka minane.

Kagua hivi. Tafuta tabaka hilo pembeni ya soli na ulibonyeze kwa kucha ya kidole gumba. Sponji nzima inarudi. Iliyooza inabaki na alama, au inadondosha chembe kama biskuti, au inanata. Tazama vijistari vyembamba, kama udongo wa mbuga uliokauka. Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na pua kwa mwingine, ukunje buti mara ishirini kama linavyokunjika mguuni, macho yako yakiwa pale soli inapokutana na ngozi. Mara tatu hazitoshi. Mpasuko ukijifungua hata kwa unene wa karatasi, mlimani utafunguka wote. Mwisho, funua ulimi wa buti: mengi yana lebo ndogo yenye tarehe ya kutengenezwa.

Nembo ya njano ya Vibram, kampuni ya soli za mpira, chini ya soli ni habari njema kuhusu mpira wa chini tu. Haisemi lolote kuhusu sponji iliyo juu yake.

Buti lenye sponji iliyooza halitengenezwi kwa gundi. Gundi inashika unga, na unga unaachana na wenzake. Fundi viatu mzuri anaweza kukata tabaka lote, akakwangua mpaka kwenye ngozi safi, akaweka sponji mpya na kurudisha soli kwa gundi na uzi. Ni kazi ya kulipwa vizuri, na inafaa tu kama sehemu ya juu ni ngozi ya maana. Soli iliyoachia peke yake wakati sponji ni nzima ni jambo dogo zaidi, ila msimamie fundi: gundi ya zamani ikwanguliwe yote, mpya ipakwe pande zote mbili na iachwe ikauke mpaka inate kidogo ukigusa, ndipo vibanwe. Anayepaka na kubandika hapo hapo anakupa wiki mbili.

Weka mabuti yote mawili mezani uyatazame kwa nyuma. Kisigino kilicholala upande ni mwendo wa mwenye nacho wa kwanza, na kitapindisha kifundo chako na goti. Toa soli ya ndani, upitishe mkono uone kama plastiki ya kisigino imevunjika na inachoma. Soma namba kwenye kila buti. Usicheke wazo hili: jozi za mtumba hufungwa kwa kamba, na mara nyingine namba 42 imefungwa na 43.

Kuhusu saizi, 42 ya Ulaya ni kama 8 ya Uingereza na 9 ya Marekani kwa wanaume. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na ukiwa na soksi zile nene. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole chako kimoja kiingie bila kulazimisha. Kisha funga kamba na upige pua ya buti kwenye ngazi au ukingo. Vidole vikigonga mbele, ukiteremka mlima kwa njia ya Mweka kucha zitatoka. Linalokubana leo usijidanganye kwamba litapanuka.

Ukishalinunua, livae mjini wiki mbili kabla ya mlima. Kama litafunguka, lifungukie mjini, Double Road, siyo kambini Barafu.

Sweta

Sufu halisi ndiyo hazina ya mtumba, na ndiyo inayopitwa zaidi, kwa sababu imekaa kwenye lundo moja na sweta za plastiki. Kama lebo imekatwa, mwombe muuzaji uchomoe uzi mmoja mfupi kwenye mshono wa ndani. Sogea mbali na meza, uuwashe. Sufu inaungua kwa shida, inanuka nywele zilizoungua, na jivu lake linasagika vidoleni. Polista au akriliki inayeyuka na kuacha kipande kigumu kama shanga. Pamba inawaka kama karatasi na inanuka karatasi.

Inyooshe mbele ya mwanga utafute matundu ya nondo. Tundu moja lililo peke yake linazibwa kwa sindano na uzi wa rangi hiyo. Matundu madogo mengi yaliyotawanyika ni dalili ya mayai ndani yake, na yatahamia kwenye nguo zako nyingine. Sweta ya sufu iliyoganda, nene isiyovutika, ilishachemshwa na mtu. Haitarudi, ingawa inafaa kukatwa kwa ajili ya mtoto.

Flisi, ile sweta laini ya polista yenye manyoya manyoya, ni rahisi: chagua isiyo na vipilipili, yaani vijidonge vya nyuzi, na ambayo ukiishika mbele ya jua huoni upande wa pili. Suruali za jinsi, zungusha kiuno chake shingoni: ncha zikikutana nyuma bila kubana, mara nyingi itakuenea.

Usinunue

Chupi, sidiria na soksi za mtumba, hata zikiwa na lebo ya dukani. Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku kuingiza na kuuza nguo za ndani zilizotumika. Kofia ngumu ya pikipiki iliyotumika pia iache, kwa sababu povu lake la ndani hufanya kazi mara moja: likishapigwa linabonyea na kubaki hivyo, na kwa nje huwezi kuona. Kamba na mikanda ya kukwea miamba, vivyo hivyo. Na nguo yenye vidoti vyeusi vya ukungu, kwa sababu harufu inaweza kutoka lakini vidoti havitoki.

Bei

Usianze na “punguza”. Anza na kasoro, kwa upole, ukiionyesha kwa kidole. “Kaka, jaketi nimelipenda, ila zipu hii hapa chini imechanika, lazima nimpelekee fundi.” Mwenye mali akiona umeijua nguo, anaacha kukuuzia jina la kampuni. Tuseme amesema elfu 30, na fundi atachukua elfu 8 kwa zipu. Kwako jaketi hilo ni la elfu 38, na ndiyo namba ya kuilinganisha na jaketi la jirani yake lenye zipu nzima kwa elfu 35. Asubuhi unaweza kuomba bei ya kufungulia biashara. Mkishakubaliana, lipa, kurudi nyuma baada ya kukubaliana kunaharibu jina, na yule dada hatakupigia tena simu mzigo ukifunguliwa.

Ukifika nyumbani

Usiitupe kitandani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uiache siku nne. Vijidudu vya upele haviishi zaidi ya siku 2 hadi 3 nje ya mwili wa mtu. Kunguni ni wavumilivu zaidi, hao wanauawa na joto: nguo za pamba zifue kwa maji ya moto ya nyuzi 60, kisha pitisha pasi kwenye mishono na mifuko.

Sufu haitaki hayo. Nyuzi zake zina magamba madogo ambayo yakipata moto, msuguano na sabuni kali yanashikana na hayaachani. Maji ya uvuguvugu, shampuu ya nywele kijiko kimoja kwenye ndoo, ibonyeze bila kusugua, isuuze kwa maji ya joto lile lile. Usiikamue kwa kuisokota. Iviringishe ndani ya taulo ukanyage juu yake, kisha ilaze kivulini juu ya taulo kavu; ukiitundika kwenye kamba ikiwa nzito, mikono itafika magotini.

Jaketi la bata, tumia sabuni kidogo kuliko unavyodhani, suuza mara tatu au nne mpaka maji yawe safi, na likamue kwa kulikandamiza tu. Kukausha ndiyo kazi yenyewe: siku mbili tatu, na kila baada ya saa chache uvunje mabonge kwa vidole. Ndani pakibaki na unyevu linanuka mbwa aliyelowa na kuota ukungu. Kwa hiyo usilifue Arusha mwezi Julai kama unaweza kulisubirisha, au lipeleke kwa ndugu aliyeko Moshi.

La mvua lifue kwa sabuni laini ya maji, bila kilainishi cha nguo, kwa sababu kilainishi hufunika kitambaa na kukifanya kinywe maji. Likishakauka lipitishie pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba, kisha rudia jaribio la matone.

Harufu ya belo huondoka kwa siki nyeupe, nusu kikombe kwenye ndoo ya lita 10, uloweke nusu saa kabla ya kusuuza. Mabuti yaliyolowa yajaze magazeti, ubadilishe kila saa chache, yakauke kwa upepo. Kando ya jiko ngozi inapasuka na gundi inaachia, na buti ulilolikagua nusu saa nzima sokoni linaharibika usiku mmoja.